Neno na Mahali Pake: Kiingereza cha Kila Siku kwa Watu wa Magadi, Kajiado na Kitengela

Kwenye lebo ya chupa ya dawa ya ng'ombe, chini kabisa, kwa herufi ndogo, huwa kuna maneno mawili ambayo kila mfugaji anafaa kuyajua: "withdrawal period". Baada ya maneno hayo huandikwa idadi ya siku, siku kadhaa kwa maziwa na mara nyingi siku zaidi kwa nyama. Huo ni muda wa kungoja. Ukimdunga ng'ombe leo, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa, naye asichinjwe, mpaka siku hizo ziishe, maana mabaki ya dawa yangali mwilini mwake na yatamfikia anayekunywa au kula.

Sasa mpe chupa hiyo mtu ambaye Kiingereza chake chote amekiokota kwenye simu. Neno "withdraw" analijua sana. Ni kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa. Akiona "withdrawal" kwenye chupa, akili inamkimbilia kutoa. Kutoa nini, maziwa? Huenda akakamua jioni ileile na kuwapa watoto. Neno analo, ila alilijua mahali pamoja tu, na hapa limesimama mahali pengine.

Kisa cha chupa hiyo ndicho msingi wa mwongozo huu. Mchungaji hamjui ng'ombe kwa nambari. Humjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake na kwa mahali anapopenda kulisha. Neno la kigeni nalo hujulikana vivyo hivyo, pamoja na mahali linapofanya kazi. Orodha ya maneno mia moja uliyoikariri bila mahali itakuponyoka, lakini sentensi ishirini ulizojifunza kwa ajili ya siku yako mwenyewe zitakaa.

Lugha tatu katika kaunti moja

Majina ya miji yetu yenyewe yanaonyesha tunavyoishi. Magadi ni neno la Kiswahili, na ni ile chumvi nyeupe inayochimbwa ziwani. Kajiado limetokana na Kimaa, lugha ya Wamaasai: Olkejuado, yaani mto mrefu. Kiingereza kilikuja na kiwanda na reli. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, njia ya reli ikateremka kutoka Konza hadi ziwani, na tangu wakati huo amri za kazini, vibao vya hatari na barua za ajira zimekuwa za Kiingereza. Leo kiwanda hicho kiko chini ya kampuni ya Tata ya India, na lugha ya makaratasi ni ileile.

Upande wa Kitengela kasi ni kubwa zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huo peke yake, ndani ya Kaunti ya Kajiado yenye watu 1,117,840. Wamehamia watu wa kila kabila, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Lakini ingia benki, hospitali, ofisi ya ardhi au kwenye mahojiano ya kazi, na karatasi utakayopewa huenda ikawa ya Kiingereza. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayesema Kimaa nyumbani au Kiswahili sokoni, anayetaka Kiingereza cha kumvusha siku yake bila kumtegemea mtu mwingine kila mara.

Kabla ya yote: haki yako haingoji Kiingereza

Wako wanaojifunza lugha hii kwa hofu, wakidhani bila Kiingereza hawana la kusema mbele ya serikali. Sheria inasema vingine. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za nchi. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe upesi sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila kulipa.

Basi jifunze Kiingereza kama mtu anayeongeza chombo kwenye mkoba wake wa fundi. Chombo kikikosekana siku moja, bado wewe ni raia kamili. Unaweza kusema kwa utulivu, "Naomba unieleze kwa Kiswahili," na huna kosa lolote.

Funguo tano za kubeba mfukoni

Anza na sentensi hizi, hata kabla ya kujifunza kuhesabu. Zitakusaidia kila mahali, kwa sababu zinamfanya unayezungumza naye awe mwalimu wako.

"Please speak slowly." Tafadhali zungumza polepole.
"Could you say that again?" Unaweza kurudia?
"What does this word mean?" Neno hili lina maana gani?
"How do you say 'mkataba' in English?" Mkataba kwa Kiingereza ni nini?
"Could you write it down for me?" Unaweza kuniandikia?

Zikariri zikiwa nzima, kama ulivyojifunza maamkizi utotoni. Hakuna aliyekufundisha sarufi ya "Sopa" kabla hujajibu "Ipa". Ulisikia, ukajibu, ukazoea, na ufafanuzi ukaja baadaye au haukuja kabisa.

Agroveti na zahanati

Katika duka la dawa za mifugo, mbali na muda wa kungoja, soma mambo manne. "For animal treatment only" ni dawa ya wanyama pekee, binadamu asiiguse kinywani. "Shake well before use" ni tikisa vizuri kabla ya kutumia. "Dosage" ni kipimo, na mara nyingi kimepigiwa hesabu kwa uzito wa mnyama, kwa mfano "1 ml per 10 kg body weight", yaani mililita moja kwa kila kilo kumi za mwili. "Expiry date", au EXP kwa kifupi, ni tarehe ya mwisho ya kutumika. Mwulize muuzaji: "How many days before we can drink the milk?" Ni siku ngapi kabla ya kunywa maziwa? Akikujibu, linganisha na lebo.

Kwenye zahanati, tatizo la kwanza ni mwili wenyewe. Kiswahili husema mguu kuanzia pajani hadi kwenye vidole, na Kiingereza kimeugawa: "leg" ni mguu wa juu hadi kifundoni, "foot" ni wayo na sehemu yake ya juu. Mkono nao umegawanywa. "Arm" ni kutoka begani hadi kiwikoni na kuendelea hadi kifundo, "hand" ni kitanga na vidole. Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Kimaa kinafanana na Kiswahili hapa, maana "enkaina" ni mkono na "enkeju" ni mguu bila kukata vipande. Kwa hiyo usitegemee neno peke yake. Weka kidole pale panapouma useme, "It hurts here." Panauma hapa. Kisha ongeza muda: "since Monday", tangu Jumatatu, au "for three days", kwa siku tatu.

Ukipewa dawa, maneno ya kushika ni "twice a day", mara mbili kwa siku. "After meals", baada ya chakula. Na "on an empty stomach", kabla hujala kitu. Alama ya 1×3 kwenye bahasha ya dawa maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku.

Kuna neno moja zaidi la hospitalini ambalo ni zito: "consent". Ni ridhaa yako. Fomu ya "consent" ukiitia sahihi umekubali upasuaji au matibabu yaliyoandikwa pale. Kabla ya kushika kalamu, sema: "Please explain this form to me." Tafadhali nieleze fomu hii. Neno hili tutakutana nalo tena mahali pengine.

Simu na pesa

Ujumbe wa M-Pesa ni darasa ambalo limo mfukoni mwako tayari. "Confirmed" ni imethibitishwa. "You have received" ni umepokea. "Sent to" ni zimetumwa kwa. "Balance" ni salio, pesa zilizobaki kwako. "Transaction cost" ni gharama ya muamala. Menyu yenyewe unaweza kuiweka kwa Kiswahili, na kama unataka kujifunza, iweke kwa Kiingereza wiki moja na kwa Kiswahili wiki inayofuata. Mahali pa kila kitu hapabadiliki, kwa hiyo mkono utakufundisha maana ambayo jicho halijaizoea.

Maneno haya pia ni ngao. Matapeli huandika ujumbe unaofanana na wa kweli, wakaanza na "Confirmed", kisha wakakupigia simu kuomba urudishe pesa walizotuma kwa makosa. Tazama aliyetuma: ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwenye nambari ya mtu. Halafu fungua menyu mwenyewe uangalie salio. Salio likiwa halijaongezeka, hakuna kilichoingia, hata Kiingereza cha ujumbe kiwe kitamu namna gani.

Karatasi ya shamba

Hakuna mahali katika Kajiado ambapo Kiingereza kimeumiza watu kama kwenye mikataba ya ardhi. Mashamba ya makundi yamegawanywa, vipande vimeuzwa, na mikataba mingi imeandikwa kwa lugha ambayo muuzaji hakuisoma. Jifunze maneno haya hata kama huna nia ya kuuza.

"Vendor" ni muuzaji. Ndiyo, ni neno lilelile wanaloitwa wachuuzi wa sokoni, lakini hapa ni wewe mwenye shamba. "Purchaser" ni mnunuzi. "Deposit" ni malipo ya kwanza. "Witness" ni shahidi. "Title deed" ni hatimiliki.

Sasa tazama maneno mawili tuliyokwisha kukutana nayo. Kwenye simu, "balance" ni pesa ulizo nazo. Kwenye mkataba, "balance" ni pesa ambazo bado hujalipwa. Ukisoma "balance of the purchase price" ukadhani ni pesa zilizo mkononi mwako, umeshahadaika. Na "consent" ya hospitalini ilikuwa ridhaa yako juu ya mwili wako. Kwenye ardhi ya kilimo ni kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na pia kuna ridhaa ya mume au mke, "spousal consent". Neno ni moja na milango ni mitatu. Ndiyo sababu nasisitiza kila neno liandikwe daftarini pamoja na mahali pake.

Na sentensi ya kuokoa shamba ni hii: "I will not sign today. I want someone to read it to me first." Sitatia sahihi leo. Nataka kwanza mtu anisomee. Isome kwa sauti hadi iwe nyepesi ulimini.

Wageni wa ziwani

Kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Magadi, penye chemchemi za maji moto, akina mama huwauzia wageni shanga na vijana huwaongoza. Mazungumzo ya pale ni mafupi na hurudiwa kila siku, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Tuseme mgeni ameshika mkufu mwekundu.

"How much is this?" Hii ni pesa ngapi?
"It is five hundred shillings. I made it myself." Ni shilingi mia tano. Nimeutengeneza mwenyewe.
"Can you reduce the price?" Unaweza kupunguza?
"My last price is four hundred and fifty." Bei yangu ya mwisho ni mia nne hamsini.

Sentensi ya "I made it myself" ina thamani kuliko bei. Mgeni anayesikia hivyo anajua analipa mkono uliofanya kazi. Ongeza pia, "Please ask before you take a photo." Tafadhali omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kijana anayeongoza magari naye anahitaji maneno ya usalama: "The water is very hot. Do not touch it." Maji ni moto sana, usiyaguse. "The ground is soft. Follow my tracks." Ardhi ni laini, fuata nyayo zangu. Tope la magadi hunasa gari la mgeni asiyesikia, na sentensi hiyo moja huokoa siku nzima.

Hapo kwenye bei, jihadhari na nambari. "Fifteen" ni kumi na tano, "fifty" ni hamsini. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, hivyo masikio yetu hayajazoea mkazo unaohamahama. Katika "fifteen" vuta mwisho, na katika "fifty" piga mwanzo, kisha uache mwisho ufifie. Ukiwa na shaka, andika bei mchangani au kwenye simu, na mgeni asome.

Pale Kiswahili kinapotutega

Kila mtu hujifunza lugha ya kigeni akiwa amebeba ya kwao. Mvietnam, kwa mfano, lugha yake haibadilishi kitenzi kwa ajili ya wakati wala nomino kwa ajili ya wingi, kwa hiyo anapojifunza Kiingereza husahau ile "-s" na ile "-ed" za mwishoni. Sisi tunabadilisha maneno, ila tunayabadilisha kichwani: mtu, watu, ninapika, nilipika. Kiingereza hubadilisha mkiani: "goat", "goats", "cook", "cooked". Zoeza sikio lako kusubiri mkia wa neno. Habari ambayo kwetu hutangulia, kwao huja mwisho.

Mtego wa pili ni saa. Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa moja asubuhi kwa Kiingereza ni "seven o'clock". Kanuni ni sita: ongeza au punguza sita. Saa tatu asubuhi ni "nine", saa nane mchana ni "two", saa kumi jioni ni "four". Kadi ya kliniki iliyoandikwa 9 a.m. ni saa tatu. Mtu akifika saa tisa alasiri, daktari amekwisha kuondoka na nauli ya kutoka Magadi imepotea. Unapotaja saa kwa Kiingereza, ongeza "in the morning" au "in the afternoon".

Mtego wa tatu ni ndiyo na hapana. Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Hujala?" nawe hujala, unajibu, "Ndiyo, sijala," ukimkubalia aliyeuliza. Kiingereza hujibu jambo lenyewe. "You haven't eaten?" Kama hujala, jibu ni "No, I haven't." Ukisema "Yes" peke yake, mwuguzi anayekuandaa kwa upasuaji atabaki hajui kama tumbo ni tupu au lina chai na mandazi. Njia salama ni kuacha "yes" na "no" pembeni na kusema sentensi nzima: "I have not eaten today."

Mtego wa nne ni "he" na "she". "Yeye" ya Kiswahili ni ya mwanamume na ya mwanamke, na "ninye" ya Kimaa vilevile haibagui. Kiingereza hudai "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Ulimi utateleza, usijilaumu. Fanya zoezi la dakika mbili: taja watu wa nyumbani mmoja mmoja useme wanafanya nini. "My mother is milking. She is outside. My brother is at work. He works at night."

Mtego wa tano ni adabu, nao huumiza bila mtu kujua. Kwa Kiswahili, "Nipe maji" ikisemwa kwa sauti nzuri si matusi, na "Naomba maji" ni adabu tosha. Kiingereza cha "Give me water" husikika kama amri. Sema "May I have some water, please?" Badala ya kutafsiri niongeze chai neno kwa neno, sema "May I have some more tea?" Ukiondoka kidogo ukinuia kurudi, sisi husema "Nakuja". Mgeni akisikia "I am coming" huku anakuona unaenda, atachanganyikiwa. Mwambie "I will be right back." Na ukitaka kusema hata mimi, ni "Me too."

Zipo pia adabu zetu ambazo Kiingereza hakina mlango wake. Pole tunampa mfiwa, mgonjwa na aliyejikwaa. Wakenya tumezoea kusema "sorry" kwa yote hayo, na hapa nyumbani tunaelewana, lakini mgeni huweza kudhani umekiri kosa. Kwa msiba sema "I am sorry for your loss." Karibu ya mlangoni ni "Please come in", karibu chai ni "Please have some tea", na karibu ya kujibu asante ni "You are welcome." Wala usimwite mgeni wa kike mama hata kama kwetu ndiyo heshima. "Madam" inatosha, na kwa mwanamume "Sir".

Hazina iliyo masikioni mwa Mmaa

Wengi wamefundishwa kwamba lugha ya mama ni mzigo kwa anayetaka Kiingereza. Naomba wazazi na walimu walitazame jambo hili upya, maana Kimaa humpa mwanafunzi vitu ambavyo Kiswahili hakimpi.

Kiswahili kina vokali tano. Kimaa kina tisa, ingawa huandikwa kwa herufi zilezile tano. Mtoto wa Kimaa amekua akitofautisha "i" mbili na "u" mbili kwa sikio. Maneno "ship", meli, na "sheep", kondoo, humsumbua sana msemaji wa Kiswahili, ambaye huyatamka mamoja. Mmaa ana sikio la kuyatenganisha, akielezwa tu kwamba tofauti anayoijua nyumbani ndiyo inayotafutwa. Kwa mfugaji anayeuza kondoo, tofauti hiyo ina faida.

Kiswahili hupenda neno liishie kwa vokali, ndiyo maana "bank" ikawa benki na "shirt" ikawa shati. Kimaa hakiogopi konsonanti mwishoni. "Enkiteng", ng'ombe, na "serian", amani, huishia hapo hapo. Basi "goat" na "milk" zisiongezewe mkia wa "i". Tena Kimaa hubadilisha neno pande zote mbili: mzee ni "olpayian", wazee ni "ilpayiani". Anayezoea hilo haoni ajabu wingi kukaa mwishoni.

Kazi kwa Mmaa iko kwingine. Katika Kimaa kitenzi hutangulia na mtendaji hufuata, ilhali Kiingereza humtaka mtendaji mbele kila mara, kama Kiswahili. Na sauti za f, v na z si za asili ya Kimaa. Kwa f, gusa mdomo wa chini kwa meno ya juu upulize. Anayesema fedha na zawadi kwa Kiswahili safi amekwisha kuvuka mto huo.

Ratiba ya wiki kumi na mbili

Nunua daftari dogo. Gawa kurasa kwa mahali, usigawe kwa herufi: agroveti, zahanati, simu, ofisi, kazini, sokoni, barabarani. Kila siku andika sentensi tano tu ambazo ungehitaji kesho yake. Kwa siku sita za wiki ni sentensi thelathini, na kwa wiki kumi na mbili ni mia tatu sitini. Zinatosha kukuvusha siku ya kawaida.

Zisome kwa sauti usiku uleule, kesho yake, siku ya nne, na wiki moja baadaye. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kurudia kwa kuachia nafasi ndiko kunakozuia. Kurudia mara nne katika wiki kunashinda kukesha usiku mmoja.

Siku ya saba usiandike kitu. Nenda ukatumie. Soma lebo moja dukani, ujumbe mmoja wa simu, kibao kimoja cha barabarani kati ya Kiserian na Olorgesailie. Neno usilolijua litafute kwenye kamusi. Ile ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1996, hutoa maana zaidi ya moja kwa kila neno, na hapo utaona kwa macho yako kwamba neno hukaa milango mingi.

Tafuta pia mwenza. Madarasa ya watu wazima, yale tunayoyaita ngumbaru, yako chini ya serikali. Uliza kwa chifu au ofisi ya elimu iliyo karibu. Kama darasa liko mbali, mwalimu umemzaa mwenyewe. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumsomea mama lebo, na mama akamrudishia kwa kumfundisha majina ya miti na ya rangi za ng'ombe kwa Kimaa. Mzee haoni haya kupokea maji kutoka kwa mtoto, na neno ni maji vilevile. Nanyi watoto, mzazi akikosea msimcheke, kwa maana mtu mzima aliyechekwa mara moja hufunga kinywa mwaka mzima.

Jioni hii chukua chupa yoyote ya dawa iliyo nyumbani, ya watu au ya mifugo. Tafuta maneno matano tu ya Kiingereza kwenye lebo yake, uyaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na juu ya ukurasa uandike mahali: agroveti au zahanati. Ukiona "withdrawal period", andika kando yake idadi ya siku, kisha hesabu kwa vidole ni lini maziwa yatakuwa salama kwa watoto.